Glukosi ya Bi Hayat

"Chakula hiki kampe mbuzi. Na mbuzi mwenyewe awe hana haya."

Bi Hayat aliisukuma sahani kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma panya aliyekufa, ikateleza juu ya mkeka hadi ikagonga goti la mkaza mwanawe. Ndani yake mlikuwa na maharagwe ya kuchemsha, majani ya managu ambayo mafuta yaliyaona kwa mbali, na kipande cha nduma kisichojaza kiganja. Chumvi ilikuwa imepita juu juu tu, kama salamu ya mtu mwenye haraka.

Amida aliichukua sahani akairudisha pale pale ilipokuwa. "Kula, mama. Umeshakunywa dawa."

"Dawa ni ya serikali. Chakula ni chako. Usivichanganye."

Ndivyo walivyoishi katika nyumba ile ya Majengo, Thika, mwaka ule wa mvua za El Nino. Wengine waliamshwa na jogoo, Amida aliamshwa na matusi. Akiwasha jiko, alitukanwa kwa moshi. Akipika bila moshi, aliulizwa kama huko kwao huwa wanakula vitu vibichi. Kwao ni Mugutha, kwa watu wa kahawa na githeri. Zaid, mwana wa Bi Hayat, alimwona huko, akampenda, akamleta Thika, naye msichana akasilimu, akapewa jina Amida. Majengo nzima ililikubali jina hilo isipokuwa kinywa kimoja. Bi Hayat akiwa na moyo mweupe alimwita Wamboi, jina lake la utotoni. Moyo ukichafuka alimwita "wewe wa Mugutha." Jina Amida halikuwahi kutoka kinywani mwake, hata mbele ya wageni, hata siku Amida alipomzalia mjukuu wa kiume, Farouk.

Na mtu hakuweza kumlaumu sana mama yule kwa hasira za chakula, maana chakula ndicho kilichompa heshima. Kwa miaka mingi hapakuwa na harusi Majengo iliyoliwa bila mkono wake. Wenye shughuli walimfuata kutoka Ruiru na Mwiki, wakambeba yeye na masufuria yake. Alikuwa akinusa pilau iliyofunikwa na kusema, "Bado dakika chache," na ikawa hivyo. Leo mwanamke wa namna hiyo anawekewa mbele yake majani na kiazi.

Lakini kidole ndicho kilichokuwa kimeyaleta yote haya.

Mvua zilipoingiza maji ndani ya nyumba, kipande cha bati kilielea na takataka kikamkata Bi Hayat kidole gumba cha mguu. Hakusikia uchungu. Aliona damu kwenye mkeka akauliza, "Nani amechinja kuku humu ndani?" Hospitali wakamwambia ana sukari, tena ya miaka, na presha juu yake. Kidonda kikagoma kufunga. Daktari akasema wazi: sukari isiposhuka, kidole kitakatwa, na kidole kikikatwa na sukari ibaki pale ilipo, mguu utafuata.

"Kwa hiyo nitazikwa kwa mafungu," Bi Hayat alisema siku ile. "Kidole kitangulie, mguu ufuate, mwenyewe nije mwisho nikivitafuta."

Alicheka peke yake. Lakini tangu hapo, akikaa, alikuwa anakifunika kile kidole kwa upindo wa leso, taratibu, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Amida alikuwa akiliona hilo. Ndiyo sababu matusi yalimpita, mengi yake.

"Umetoka gumbaru juzi," Bi Hayat alipenda kumwambia, kwa kuwa Amida alikuwa akienda masomo ya jioni ya watu wazima, mtoto mgongoni. "Umejua kuandika jina lako, sasa unataka kunisomea mimi sufuria?"

Basi Amida alipika kama walivyomwelekeza kliniki: mafuta kidogo, chumvi kidogo, mboga nyingi, chai kavu isiyo na sukari. Akangoja kipimo kishuke. Kipimo kikapanda.

Siku ile kliniki ilikuwa imejaa, wazee wamekaa kwenye mabenchi wakiwa na viatu mikononi, wakingoja kukaguliwa miguu. Sista Wilkister, muuguzi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, aliangalia kipimo, akavua miwani, akauliza, "Nani anampikia huyu mama?"

"Ni mimi, sista."

"Unampikia nini? Keki?"

Benchi zima likacheka. Amida alimgeukia mama mkwe ili aseme neno moja tu, kwamba hapajawahi kuwa na keki wala chapati nyumba ile. Bi Hayat alikuwa ameinua uso anatazama dari, kama mtu aliyeona buibui wa maana.

"Tunaongeza vidonge," Sista Wilkister akasema. "Na unisikie vizuri, msichana. Vidonge hivi vina nguvu. Asivinywe bila kula. Akivinywa na tumbo tupu, sukari itaporomoka. Atatetemeka, atoke jasho, abadilike tabia hadi umshangae. Hapo mpe kitu kitamu haraka, usingoje gari. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na keki ziishe."

Jioni Zaid alirudi kutoka gereji ya Ruiru alikofanya kazi, akaambiwa kipimo na mama yake mwenyewe. "Mkeo wa Mugutha ananiua polepole," alisema. Zaid akamwangalia mkewe. Kisha akaenda kunawa mikono.

Wa kwanza kusema ukweli katika nyumba ile walikuwa sisimizi.

Amida alikuwa anafagia chumba cha mama mkwe alipouona msafara wao. Ulitoka nyufani, ukapita nyuma ya mlango, ukapanda mguu wa kitanda na kupotea ndani ya sanduku la bati lililokuwa uvunguni. Sisimizi hawatembei hivyo kwa ajili ya nguo. Akalivuta sanduku, akalifungua. Mikebe ya unga wa glukosi ilikuwa imepangwa humo kama vitabu vya chuoni, mingine imelambwa hadi chini, mmoja ukiwa na kijiko ndani yake.

Hakuna aliyekuwa na haja ya kumweleza imetoka wapi. Mgonjwa huko kwetu haendewi mikono mitupu, na cha kumwendea nacho ni mkate na glukosi. Wanawake waliokuja kumjulia hali Bi Hayat kila wiki walifungua mikoba, wakatoa mkebe, wakasema, "Ya kukurudishia nguvu." Amida aliipokea mwenyewe mara nyingi, akashukuru, akaiweka kabatini. Ilipotoweka, alidhani majirani wameiazima, au Zaid anakwenda nayo kazini. Ujinga wake huo ulimwuma kuliko kicheko cha benchi.

Akaibeba mikebe yote katika upindo wa kanga, akatoka nayo nje, akaanza kuimwaga mtaroni. Mtaro ukawa mweupe kama uliopikiwa uji.

"Jamani! Njooni muone! Ananiua mchana!" Bi Hayat alikuwa mlangoni, ameshikilia fremu kwa mikono miwili. "Amemwaga dawa yangu!"

Milango ikafunguka. Gathoni, jirani wa ukuta mmoja, mfuga kuku, alifika wa kwanza na unga mikononi. "Haiya! Mama Farouk, kwani glukosi imekukosea nini?"

"Ni sukari," Amida akasema. "Hii ndiyo imekuwa ikimpandisha."

"Sukari ni ya chai, wewe. Hii si hata hospitali wanaitundika kwa chupa, inaingia kwa mshipa? Sasa daktari anaweza kumtia mtu sukari kwa mshipa?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Amida alijua yuko sawa, lakini kujua ni kitu kimoja, na kusimama peke yako mbele ya Majengo na mkebe mtupu mkononi ni kitu kingine.

"Gumbaru hiyo," Bi Hayat akawaambia watu. "Inawafundisha kusoma mikebe, haiwafundishi kuogopa Mungu."

Siku hiyo hiyo Amida alichukua na sukari ya chai yote iliyokuwa jikoni akampa Gathoni, ili isiwepo hata chembe ya kumtamanisha mtu. Wote wakanywa chai kavu, hata Zaid.

Jumapili ikamleta Ruqayya. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Zaid, mwenye duka la nguo Ruiru, na alikuwa akiingia nyumba ya ndugu yake kama askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, anavyoingia kibandani kwa mchuuzi. Hakukaa.

"Wewe msichana, mama yangu amekonda."

"Ni vizuri akikonda kidogo, wifi. Sista alisema—"

"Sista! Sista amemzaa? Mama alilisha Thika hii yote, leo analishwa majani kama sungura. Zaid, na wewe unatazama tu?"

Zaid alikuwa anachokonoa grisi kwenye kucha.

"Basi nasema mbele yenu wote," Ruqayya akaendelea. "Kliniki ijayo nitakuja mwenyewe. Kipimo kisiposhuka, mama namchukua Ruiru, na wewe utarudi Mugutha ukachume kahawa. Mama hawezi kukatwa mguu kwa sababu ya majaribio yako."

Kisha akaingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango, wakakaa humo kitambo. Alipotoka, mkoba wake ulikuwa umepungua unene. Amida hakulitilia maanani. Alikuwa anamtazama mumewe, akingoja aseme "Amida haendi popote." Zaid alisema, "Tungoje kipimo."

Wakangoja. Kila asubuhi Amida aliuosha ule mguu kwa maji ya vuguvugu, akaupangusa katikati ya vidole, akaufunga kitambaa kisafi. Bi Hayat alimtukana muda wote huo juu ya kichwa chake, kutoka ukoo wa baba mpaka wa mama. Lakini sahani zilikuwa zinarudi nyeupe, na siku moja kidonda kikaonyesha ukingo wa waridi. Amida alikibusu kile kitambaa alipokwenda kukifua, akiwa peke yake, kisha akajionea haya.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa Mzee Ahmad.

Ilikuwa harusi ya kwanza ya mtaa ule ambayo Bi Hayat hakuitwa kupika. Walimhurumia, kwa sababu ya mguu. Alikaa dirishani tangu alfajiri, puani mwake moshi wa masufuria ya watu wengine. "Wameunguza vitunguu," akawa anasema. "Iliki imezidi. Nani huyo anafunua funua?" Mchana wanawake wawili wakaja na sinia lililofunikwa kitambaa cha maua: pilau ya kilele cha sufuria, nyama ya mbavu na mafuta yake, na kaimati zinazoogelea katika shira ya sukari. Walikuwa wamemletea mpishi wao wa zamani fungu lake.

Amida aliwapokea mlangoni. Akanusa, akaona shira, akakiona kile kidole akilini.

"Asanteni sana," akasema kwa adabu zote. "Lakini rudisheni tu. Mama haruhusiwi."

Wale wanawake walitazamana. Wakageuka na sinia lao, wakarudi nalo njia nzima ya Majengo, na kila aliyekutana nao aliuliza limekataliwa wapi. Kwao Amida, mtu akikataa chakula kwa adabu, basi, maneno yameisha. Hakujua kwamba Majengo sahani ya harusi hairudishwi. Anayeirudisha amewalaani maharusi. Kufikia alasiri ilikuwa imeshasemwa hadi kisimani kwamba Bi Hayat ana kinyongo kwa kutoitwa kupika.

Bi Hayat aliyaona yote kwa dirisha. Amida alijiandaa kwa tufani. Haikuja. Mama mkwe aligeuza uso akaelekea ukutani, na hakusema kitu siku ile, wala iliyofuata.

Mtu aliyezoea kelele za posho mili inayosaga unga, ikinyamaza hudhani watu wameshiba. Amida alidhani amani imeingia. Aliweka sahani chumbani, akatoka, akarudi, akaikuta tupu. Vidonge navyo vilikuwa vimemezwa mbele yake, na maji, bila ubishi. "Tumeshinda," alimnong'oneza Farouk akimnyonyesha. "Alhamisi kipimo, na hatuendi Mugutha."

Jumatano mchana, siku moja kabla ya kliniki, alikuwa nyuma ya nyumba anaanika shuka, jua limetoka baada ya kufichama siku nyingi, mtoto anatambaa miguuni pake.

"Amida."

Akageuka kuona ni nani amekuja. Hapakuwa na mtu. Sauti ilikuwa inatoka dirishani kwa mama mkwe.

"Amida, mwanangu. Njoo upumzike. Umechoka. Unapika vizuri sana, mimi tu sijawahi kukwambia."

Shuka lilimponyoka likaanguka matopeni. Angetukanwa, angeendelea kuanika. Lakini neno lile jema lilimtambaa mgongoni kama siafu. *Abadilike tabia hadi umshangae.* Chini ya dirisha, kuku wa Gathoni walikuwa wanaparura. Akatazama walichokuwa wanakula. Ilikuwa nduma yake. Yalikuwa maharagwe yake, ya asubuhi ile yakiwa bado makavu, na ya jana na juzi yamevimba kwa maji.

Alimnyakua mtoto akakimbia.

Bi Hayat alikuwa amekaa kitandani, vifungo vya gauni vimepishana, jasho linamtiririka kama aliyemwagiwa ndoo. Mikono ilimtetemeka kama inachekecha unga. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

"Wali umekaribia," akasema. "Waambie wasifunue. Ahmad atakuja kuchukua mwenyewe."

"Mama, hujala tangu lini? Mama!"

"Msichana mzuri wewe," Bi Hayat akasema, akalala ubavu.

Amida alikimbilia jikoni. Mkebe wa sukari ulikuwa mtupu, ameuosha yeye mwenyewe ukang'aa. Akatoka mbio mpaka kwa Gathoni, mlango una kufuli, Gathoni yuko sokoni na mayai. Dukani kulikuwa mbali kupita tope lote lile, na mama mkwe alikuwa ameanza kukoroma mkoromo usio wa usingizi. Alisimama katikati ya nyumba aliyoifukuzia utamu wote kwa mikono yake, akatamani kijiko kimoja cha ule uji mweupe aliomwagia mtaro.

Akarudi chumbani. Mkono wa Bi Hayat ulikuwa unapapasa mto, unapapasa na kuacha, kama mtu anayehakikisha kitu kipo. Na Amida akakumbuka mlango uliofungwa Jumapili ile, na mkoba uliopungua unene.

Alichana foronya kwa meno. Ndani ya sufi kulikuwa na mkebe.

Kifuniko kilikuwa kigumu, na chini yake ile karatasi ya kiwandani ilikuwa nzima, haijatobolewa hata kwa ukucha. Amida aliliona hilo. Kisha akaipasua kwa mpini wa kijiko, akalowesha kidole, akachovya, akakipitisha kwenye ufizi wa mama mkwe na ndani ya shavu. Akachovya tena. Alimlaza ubavu asije akapaliwa, akawa anampaka na kumwita, anampaka na kumwita, huku Farouk amekaa sakafuni analamba unga uliomwagika na kucheka.

Bi Hayat aliuma. Aliuma kidole kile kwa meno yote aliyobakiwa nayo, na Amida akaliacha jino liingie. Jasho likaanza kukauka. Macho yakazunguka, yakatafuta, yakatua juu yake, na polepole yakajaa chuki yake ya kawaida.

"Unanitia nini mdomoni, wewe wa Mugutha?"

Amida aliangua kilio na kicheko kwa pamoja.

"Ondoa machozi yako, yananidondokea." Kisha akauona mkebe. Akautazama, akamtazama mkaza mwanawe, na uso wake ukafunguka kwa ushindi. "Ahaa. Glukosi."

"Ndiyo, mama."

"Ile uliyoimwaga."

"Ile ile."

"Imeniponya."

"Imekuponya, mama." Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikwenda akapasha maharagwe, akakaa mbele yake mpaka punje ya mwisho ikaingia, akitukanwa kwa kila kijiko.

Jua lilipozama, habari ilikuwa imeshazunguka mtaa. Bi Hayat alikuwa amekufa, akalambishwa glukosi, akafufuka! Wanawake walijaa chumbani, na kila mmoja na mkebe wake. "Niliwaambia," mgonjwa alikuwa anasema, ameegemea mto ulioshonwa upya. "Mimi na gumbaru, nani anajua dawa?" Gathoni alimtazama Amida kwa huruma, huruma ile ya kumtazama mtu aliyeshindwa kesi.

Alhamisi Ruqayya alikuja na teksi na begi tupu la nguo za mama yake. Walikaa kliniki kwenye benchi moja, watatu.

Sista Wilkister alipima, akasoma, akasoma tena. Akafungua kitambaa cha mguu, akabonyeza pembeni ya kidonda. "Imeshuka," akasema. "Haijawa kama ya msichana, lakini imeshuka. Na kidonda kinakauka. Kidole hiki hatukati."

Bi Hayat alivuta upindo wa leso akakifunika kidole. Mkono wake ulikawia pale.

"Ni glukosi, sista," Ruqayya akasema kwa sauti ya benchi zima. "Huyu alimkatia mama glukosi, mama akazimia. Jana akapewa, akaamka. Watu wote Majengo wameona."

"Alizimia?" Sista akavua miwani. "Mama, jana ulikula nini?"

Bi Hayat akatazama dari.

"Nakuuliza wewe, mama. Na juzi ulikula nini?"

Amida hakuinua macho. Alikuwa anaangalia kidole chake mwenyewe, alama za meno zilizokuwa zimegeuka zambarau.

"Walikula kuku wa Gathoni," Bi Hayat akaliambia dari.

"Nini?"

"Chakula. Nilikuwa nakitupa dirishani. Walikula kuku." Akateremsha uso, akamgeukia binti yake kwa ukali. "Usinikodolee macho, Ruqayya. Alinirudishia sahani ya harusi. Ungekuwa wewe ungekula?"

Ruqayya akajifunga mtandio upya.

"Na anayekupikia ni huyu?" Sista Wilkister akauliza.

"Ndiye. Anapika vibaya."

"Aendelee kupika vibaya," Sista akasema, akaandika tarehe nyingine. "Na mkebe mmoja ukae ndani ya nyumba, kwa siku kama ile ya jana tu. Mmoja. Mingine warudishieni wenyewe."

Begi la Ruqayya lilirudi Ruiru likiwa tupu. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni pa nyumba na mkebe mkubwa mpya wa glukosi aliokuwa ameununua kusherehekea ushindi, asijue aupeleke wapi.

"Ulete hapa," mama yake akamwambia. Akaupokea, akaupima uzito kwa mkono, akautazama kwa namna alivyokuwa akitazama sufuria ya pilau iliyofunikwa. Kisha akaita, "We wa Mugutha!"

Amida akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Kwanza, kesho asubuhi unaenda kwa Ahmad kuomba radhi. Sahani ya harusi hairudishwi. Inapokelewa, mtu anashukuru, halafu wanakula wasio wagonjwa. Hata hilo hamfundishwi huko kwenu?"

"Hatukufundishwa, mama. Nitaenda. Nilikukosea."

"Ulinikosea sana."

"Ndiyo." Amida akasita. "Mama, ule mkebe wa kwenye mto. Karatasi yake haikuwa imetobolewa."

"Karatasi gani?"

"Ya ndani. Ulikaa nao wiki zote zile, na hukuufungua."

Bi Hayat alishughulika na upindo wa leso, akaufunga mguu upya ingawa ulikuwa umefungwa vizuri. "Maharagwe yako yanaungua," akasema. "Nayasikia kwa pua. Umeyawekea maji kidogo."

Yalikuwa yanaungua kweli. Amida aligeuka kukimbia, na sauti ikamfuata mgongoni.

"Chukua hii glukosi kwanza. Weka kabatini, ufungie, na ufunguo ukae kwako. Mimi nisiuone."

"Sawa, mama."

"Na siku ukinisikia nakusifu," Bi Hayat akasema, "fungua haraka."